Rangi Nyekundu Isiyochuja

Yako maswali ambayo mwalimu huulizwa nje ya darasa, na mara nyingi hayo ndiyo yamshindayo. Siku moja, katika juma la kujitayarisha kwa sikukuu, mama mmoja wa hapa kijijini alichukua kanzu nyeupe za waimbaji, kumi na mbili kwa hesabu, ili azifue. Katika beseni lile lile alitia kitambaa chekundu cha kutandika meza, kipya, kilichonunuliwa siku chache kabla. Akatia maji ya moto na sabuni nyingi, kwa nia njema ya kutoa uchafu wote. Alipozitoa kanzu zile, hapakuwa na nyeupe hata moja. Zote zilikuwa na rangi ya waridi. Wasichana wakacheka, wavulana wakakataa kuzivaa, na yule mama akatokwa na machozi, maana kitambaa cha kanzu kilinunuliwa kwa michango ya watu wengi. Akaniletea moja, akaniuliza, "Mwalimu, sabuni hii kazi yake ni kutoa uchafu au ni kutoa rangi? Na ikiwa hutoa rangi, mbona kanga yangu hii naifua kila juma na rangi yake haitoki?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kuwa kitambaa kile ni kibaya, na hilo si jibu, kwa maana yeye mwenyewe alikwisha kuona ubaya wake. Tangu siku hiyo nimesoma habari za rangi na sabuni kadiri nilivyoweza, nami nimeona kwamba swali la mama yule liliwashughulisha mafundi na wenye elimu kwa muda wa miaka mingi. Habari yenyewe yapita katika milima ya Ugiriki, yapita Ufaransa na Uskoti, hata yagusa mti wa mbarika uotao nyuma ya nyumba zetu. Nataka kuisimulia kwa taratibu, na mwisho wake tutalirudia swali la mama.

NYEKUNDU YA WATURUKI

Hapo kale hapakuwa na rangi za viwandani. Rangi ya buluu ilitoka katika majani ya mnili, kama ile ya kaniki za zamani. Nyekundu ilitoka katika wadudu fulani, tena katika mizizi ya mmea uitwao rubia, uliolimwa Asia ya magharibi na Ulaya. Mizizi hiyo hukaushwa na kusagwa iwe unga. Ukichemsha sufu ya kondoo katika maji yenye shabu, kisha ukaichemsha katika maji ya unga ule, sufu hushika wekundu mzuri. Lakini pamba ni kaidi. Pamba haishiki rangi hii upesi kama sufu, na ikishika kidogo, huiacha majini.

Watia rangi wa nchi za mashariki, yaani Bara Hindi na nchi za dola ya Waturuki, ndio waliojua kuishinda pamba. Namna yao ilikuwa ndefu na ya ajabu. Walichukua mafuta ya zeituni, tena si yale mazuri ya kula, bali yaliyochacha. Wakayachanganya na maji ya magadi au ya majivu, pamoja na samadi ya kondoo, mpaka yakawa meupe kama maziwa. Uzi wa pamba ukachovywa humo, ukakamuliwa, ukaanikwa. Ukachovywa tena, ukaanikwa tena, mara nyingi. Kisha ukaoshwa, ukatiwa katika maji machungu ya vinundu vya miti, uchungu ule ule ulio katika magome ya mikoko yatumiwayo kutengeneza ngozi. Baadaye ukatiwa katika maji ya shabu. Ndipo ukachemshwa pamoja na unga wa rubia, na wengine wakatia damu ya ng'ombe humo. Kazi yote ilichukua wiki tatu au zaidi, pengine miezi.

Hata hapo kazi ilikuwa haijaisha. Uzi uliotoka chunguni ulikuwa na wekundu mzito wa kahawia, usiopendeza macho. Basi wakauchemsha kwa sabuni kwa saa nyingi. Sabuni ikatoa yote yaliyokuwa hayakushikwa, na uliobaki ni wekundu ung'aao kama kaa la moto, wenye kustahimili jua, jasho na mikono ya dobi. Neno hili la sabuni ya mwisho naomba msomaji alishike moyoni.

SIRI YASAFIRI

Watu wa Ulaya waliiita rangi hiyo nyekundu ya Waturuki, au nyekundu ya Adrianople, mji wa dola hiyo. Walakini mafundi wengi walioitia walikuwa Wagiriki waliotawaliwa na Waturuki. Katika mlima wa Ossa, nchi ya Thessalia, kilikuwako kijiji kiitwacho Ampelakia. Mwaka 1778 wenyeji wake waliungana wakafanya shirika moja la kutia uzi rangi na kuuza, wakapeleka uzi wao mwekundu hata Vienna na miji ya Ujerumani. Kijiji cha mlimani kikajulikana Ulaya kwa uzi tu. Shirika hilo lilikuja kuanguka katika mwaka 1811 na miaka iliyofuata, uzi wa bei nafuu wa mashine za Waingereza ulipojaa sokoni, na fedha zao zilizokuwa Vienna zilipopotea.

Lakini kabla ya hapo siri ilikuwa imekwisha kutoka. Katika mwaka 1747 wafanya biashara wa Kifaransa waliwaleta mafundi Wagiriki karibu na mji wa Rouen, na wengine kusini, katika nchi ya Languedoc. Katika mwaka 1765 serikali ya Ufaransa ikaipiga chapa namna ya kazi ili kila fundi aisome. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1785, George Macintosh na David Dale wa Glasgow walimleta Mfaransa mmoja kutoka Rouen, jina lake Pierre Jacques Papillon, wakajenga kiwanda mahali paitwapo Dalmarnock. Papillon alikuja kuitoa siri yake kwa wakuu wa kazi za ufundi wa Uskoti, akalipwa, kwa sharti kwamba isitangazwe mpaka ipite miaka kadhaa.

Kutoka Glasgow kazi ikahamia zaidi katika bonde la mto Leven, utokao katika ziwa la Loch Lomond. Maji ya mto ule ni laini, na povu la sabuni huwa jepesi ndani yake. Katika maji magumu, yenye chokaa, sabuni hugeuka utando usiofaa kitu. Kwa hiyo mtia rangi huchagua mto kama mkulima achaguavyo shamba. Maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, walifanya kazi katika viwanda vya bonde lile. Mwaka 1898 wenye viwanda wakubwa waliungana wakawa kampuni moja. Vitambaa vyao vyekundu viliuzwa nchi nyingi, hasa Bara Hindi. Na katika biashara ya kwetu, pamoja na merikani nyeupe na kaniki ya buluu, kitambaa chekundu cha pamba kilikuwa bidhaa iliyojulikana pwani na bara, na jina lake lilikuwa bendera. Viwanda vya Leven vilifanya kazi mpaka karibu na mwaka 1960.

KWA NINI MAFUTA YALIYOCHACHA?

Wenye elimu wa Ulaya walipoisoma namna ile ya kazi waliona mambo mengi ya kushangaza. Samadi ya nini? Damu ya nini? Baada ya kujaribu sana iligunduliwa kwamba damu yaweza kuachwa, na samadi pia yaweza kuachwa. Lakini mafuta hayakuachika. Tena mafuta mazuri na mabichi hayakufaa. Yalitakiwa yale yaliyochacha. Fundi alipotaka kuyanunua aliyajaribu kwanza: alitia matone katika maji ya magadi. Kama yaligeuka maziwa meupe na kukaa hivyo, aliyachukua. Kama yalielea juu, aliyarudisha kwa mwenye duka.

Wanawake waliopika sabuni nyumbani wataifahamu sababu upesi kuliko wanafunzi wangu. Mafuta yakikutana na maji ya majivu au magadi hugeuka sabuni. Mafuta mabichi huhitaji moto na muda mrefu. Lakini mafuta yaliyochacha yamekwisha kuvunjika kidogo, na ile sehemu iliyovunjika hugeuka sabuni mara moja. Sabuni hiyo changa huyachukua mafuta yaliyobaki, ikayatawanya majini vipande vidogo vidogo visivyoonekana, na ndiyo maana maji yakawa maziwa. Basi mafundi wale, bila kulitaja neno, walikuwa wakiitia pamba sabuni na mafuta kwanza, ili rangi ipate pa kushika. Mafuta yale yaliyovunjika hushika nyuzi za pamba. Madini iliyomo katika shabu, yaani aluminiamu, hushika mafuta. Na rangi ya rubia hushika aluminiamu. Ni kama watu watatu walioshikana mikono kuvuka mto wenye nguvu: aliye mwisho hachukuliwi na maji, kwa sababu wa kwanza ameshika mti.

MAFUTA YA MBARIKA

Katika mwaka 1834 Mjerumani mmoja, Friedlieb Ferdinand Runge, alijaribu kuyatia mafuta ya zeituni asidi kali ya salfa badala ya kuyaacha yachache, akaona yanafaa kwa kazi ya rangi nyekundu. Katika miaka ya 1870 watu wakafanya vivyo hivyo na mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita ya nyonyo, wakapata mafuta mapya yenye kuyeyuka majini. Mbarika ni mti wa asili ya upande huu wa Afrika, ingawa mbegu nyingi zilizotumiwa viwandani zilitoka Bara Hindi. Mafuta hayo yaliitwa mafuta ya nyekundu ya Waturuki. Nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza katika jamii ya vitu vifanyavyo kazi ya sabuni bila ya kuwa sabuni, vilivyotengenezwa na watu kwa makusudi. Sabuni za unga na za maji zinazouzwa madukani leo ni wajukuu wa mafuta hayo. Kwa ajili yake kazi iliyochukua wiki nyingi ilimalizika kwa siku chache.

Wakati huo huo rangi yenyewe ilibadilika. Mwaka 1856 kijana Mwingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akitafuta namna ya kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa vitu vitokavyo katika lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, alipata rangi ya zambarau. Watu walipoitia rangi hiyo katika hariri waliona jambo jipya: katika maji matupu hariri huinyakua upesi mno, ikawa na mabaka, hapa nyingi na hapa haba. Wakatia sabuni katika maji ya rangi, na hariri ikatoka sawasawa. Sababu ni kwamba sabuni huishika rangi ile majini, ikaiachia kidogo kidogo, kama mama agawaye chakula kwa watoto wenye njaa, asiyeacha wote waingize mikono chunguni kwa pamoja. Hapo sabuni ilikuwa tena mtumishi wa rangi.

Mwaka 1868 Wajerumani wawili, Carl Graebe na Carl Liebermann, waligundua kwamba rangi ya mizizi ya rubia, iitwayo alizarini, yaweza kutengenezwa kwa lami ile ile ya makaa. Mwaka 1869 wao pamoja na mwenzao Heinrich Caro, na Perkin kwa upande wake, waliomba haki ya kuitengeneza Uingereza; maombi yao yalipishana kwa siku moja tu. Mwaka 1870 Perkin alitengeneza tani 40, na mwaka wa pili tani 220.

Hapa yatupasa tusimame kidogo, maana habari za maendeleo mara nyingi husimuliwa kwa upande wa aliyefaulu tu. Kusini ya Ufaransa, katika wilaya ya Vaucluse, watu walilima rubia kwa zaidi ya miaka mia. Aliyewafundisha alikuwa Mwarmenia, Jean Althen, na wenyeji walimheshimu hata wakamjengea sanamu Avignon, na kijiji kimoja huitwa kwa jina lake hata leo. Mkulima wa rubia hungoja miaka mitatu hivi kabla ya kuchimba mizizi. Basi fikiri hali ya mtu aliyepanda mwaka 1868: alipofika kuchimba, rangi ile ile ilikuwa ikitoka viwandani kwa bei nafuu. Katika muda wa miaka michache mashamba yale yaliachwa. Sisi tulimao mazao ya kuuza ng'ambo tunajua uchungu wa habari kama hiyo. Waliolima mkonge wameuonja, nyuzi za viwandani zilipokuja.

SIRI YA SABUNI YENYEWE

Mpaka wakati huo mafundi walijua kwa mikono kwamba rangi na sabuni hushughulika pamoja katika maji. Lakini hakuna aliyejua maji ya sabuni yana nini ndani yake. Aliyelifungua jambo hilo ni James William McBain, mzaliwa wa Kanada, aliyefundisha Bristol, Uingereza. Alipima maji ya sabuni kwa njia mbili. Kwa njia moja, ya kuhesabu chembe zilizomo, zilionekana kuwa chache mno. Kwa njia ya pili, ya kupitisha umeme, maji yaliupitisha vizuri kama yenye chembe nyingi. Vipimo viwili vikapingana. Katika mwaka 1913 McBain akatoa neno lake: chembe za sabuni hazipotei, bali hukusanyika makundi makundi, kila kundi likichukua umeme wa chembe zake zote. Yasimuliwa kwamba alipolisema jambo hilo mbele ya mkutano wa wataalamu huko London, mwenye kiti alimkatiza, akaliita upuuzi. Lakini McBain hakuacha kupima.

Makundi hayo huitwa miseli. Ili kuyafahamu, fikiri chembe ya sabuni kama kitu chenye kichwa na mkia mrefu. Kichwa hupenda maji. Mkia huyakimbia maji na kupenda mafuta. Chembe zikiwa chache hupanda juu ya uso wa maji, mikia ikielekea hewani. Uso ukijaa, hazina pa kwenda, basi hujikusanya duara, mikia ndani na vichwa nje. Waliozoea pori wamesikia habari za nyati: simba akija, nyati wakubwa huwaweka ndama katikati, wao wakaelekeza pembe nje. Chembe za sabuni hufanya mfano wa hivyo, na katikati ya duara lao pana mahali pakavu penye hali ya mafuta. Uchafu wa mafuta uingiapo humo huwa kama ndama kati ya nyati; maji hupita nao wala haurudi kwenye nguo.

Lakini nani ameyaona makundi hayo? Upana wa moja ni kama sehemu nne za milioni ya milimita. Hapo ndipo rangi ilipolipa deni lake kwa sabuni. Ziko rangi zinazopenda mafuta, ambazo maji matupu huzikataa kabisa. Ukitia unga wake katika maji yenye sabuni kidogo mno, hukaa chini kama mchanga. Ongeza sabuni kidogo kidogo: maji yangali meupe, yangali meupe, kisha ghafula yaanza kushika rangi. Maana yake nini? Makundi yamezaliwa, na rangi imepata nyumba ya kuingia.

Katika mwaka 1934 Mwingereza G. S. Hartley alionyesha kwamba rangi zibadilikazo kwa asidi na magadi, mfano wa ile ya karatasi ya litmasi ya shuleni, hugeuka kwa ajili ya miseli pia, na kwamba sharti lake ni umeme: rangi yenye umeme wa namna moja huvutwa na miseli yenye umeme wa namna ya pili, na zenye umeme mmoja husukumana. Kisha vikaja vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Marekani ilikatiwa mpira uliotoka Asia, ikalazimika kutengeneza mpira katika maji ya sabuni, na ikahitaji kujua hasa ni sabuni kiasi gani iletayo makundi. Katika miaka ya 1946 na 1947, Chuo Kikuu cha Chicago, M. L. Corrin na W. D. Harkins walitumia rangi iitwayo pinasianoli, waliyoizoea wapiga picha. Katika maji ya sabuni yenye makundi, rangi hiyo ni buluu. Ukiongeza maji taratibu, inafika saa ambapo makundi huvunjika, na buluu hugeuka nyekundu. Soma kipimo hapo, nawe umepata jibu. Kwa chumvi moja ya jamii hiyo, sodiamu dodesili salfeti, inayotiwa katika dawa nyingi za meno, kipimo ni karibu gramu 2.3 katika lita moja, na kila kundi lina chembe kama sitini.

Jambo moja zaidi lilidhihirika. Sabuni chache na rangi yenye umeme wa kinyume hushikana moja kwa moja, jozi jozi, hata pengine huzama chini pamoja kama utando. Ongeza sabuni mpaka makundi yatokee, na utando ule huyeyuka tena. Basi si kweli kwamba sabuni siku zote huifungua rangi. Kiasi chake ndicho kiamuacho.

Jozi hizo nazo zimewafaa watu. Miaka ya 1950, mito ya Ulaya na Marekani ilifunikwa na povu la sabuni mpya za unga, ambazo vijidudu vya majini havikuweza kuzila. Ili kujua maji yana kiasi gani cha vitu hivyo, wapimaji walitumia rangi ya buluu ya methileni, iliyotengenezwa kwanza na Caro mwaka 1876. Rangi hiyo peke yake haitoki majini kuingia katika klorofomu; lakini ikishikana jozi na sabuni hizo, hutoka na kuingia. Kadiri klorofomu inavyokuwa buluu, ndivyo mto ulivyo mchafu. Katika miaka ya 1960 watengenezaji wengi walibadili sabuni zao, wakatumia zile zinazoliwa na vijidudu. Njia hii ya kupima hutumika hata leo.

JIBU LA SWALI

Sasa nimrudie mama yule. Kitambaa chake chekundu kilikuwa na rangi iliyolala juu ya nyuzi bila kushikwa. Maji ya moto yaliilegeza, sabuni ikailowesha na kuitoa, nayo, ikiisha kuwa huru majini, ikatafuta pamba nyingine ya kukaa. Zilizokuwa karibu ni kanzu. Kanga yake haikuchuja kwa sababu rangi yake ilifungwa vema, tena kiwandani kitambaa huchemshwa kwa sabuni baada ya kutiwa rangi, ili yote isiyoshikwa itoke huko huko. Ndiyo ile sabuni ya mwisho niliyomwomba msomaji aishike. Mafundi wa Ampelakia waliijua, na wenye viwanda vya leo wanaijua. Wale wanaotaka faida ya haraka ndio wanaoiruka, na hasara yake huingia katika beseni la mama maskini. Basi sabuni si mwizi. Sabuni ni shahidi. Hufunua kazi ya fundi ilivyokuwa.

Kwa hiyo mtu akinunua kitambaa cha rangi kali, na achukue pembe yake moja, ailoweshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha aibane kwa kipande cheupe cha zamani. Kipande kikibaki cheupe, afue bila hofu. Kikipata rangi, na akifue kitambaa peke yake, mara kadhaa, mpaka maji yawe safi. Na maji hayo asiyamwage mtoni wala karibu na kisima, bali penye udongo mbali na maji ya kunywa. Kikombe kimoja cha maji ya sabuni si kitu. Lakini nyumba zote za kijiji ni vikombe vingi, na wanaoteka chini ya mto ni jirani zetu.

Nilimweleza mama haya kwa kifupi, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, kama sabuni ndiyo iliyoileta rangi katika kanzu, si itaweza kuiondoa?" Nikaona amenitangulia. Tukazichemsha kanzu zile peke yake kwa sabuni mpya, tukabadili maji mara tatu, na kila mara maji yalitoka na wekundu mdogo kuliko kwanza. Siku ya sikukuu waimbaji walizivaa. Ukizitazama juani, katika mishono ya mabega, utaona bado alama ya waridi. Lakini ni yule tu ajuaye habari yake ndiye atakayeiona.